Njia za Miguu za Usambara Zihesabiwe Katika Huduma za Afya

Mgonjwa anayegunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu mjini Lushoto hupewa dawa, huambiwa apunguze chumvi, kisha hushauriwa atembee. Ushauri huo ni sahihi. Swali ambalo chumba cha daktari hakilijibu ni hili: atembee wapi? Akitoka nje anaikuta barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni, nyembamba, yenye kona zinazoficha kilicho mbele, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Malori ya kabichi na viazi hushuka humo, mabasi hupanda, na bodaboda hupenya katikati yake. Mzee wa miaka 65 ambaye macho yamepungua nguvu hawezi kuifanya barabara hiyo uwanja wake wa mazoezi. Hurudi nyumbani, huketi barazani, na mwezi unaofuata huelezwa maneno yale yale.

Ajabu ni kwamba mzee huyo anaishi katikati ya mojawapo ya mitandao mizuri ya njia za miguu katika Afrika Mashariki. Nyuma ya maduka ya mji, vinjia hupanda kuelekea Yoghoi na kuendelea mpaka Irente, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Wamaasai kuonekana chini yapata mita elfu moja. Upande mwingine njia huelekea Magamba, kwenye msitu wenye mbega weupe kwa weusi. Nyingine huunganisha Soni na Vuga, nyingine hupita Bumbuli kuelekea msitu wa Mazumbai, na nyingine hufuata migongo ya milima mpaka Mtae. Mgeni kutoka Ulaya hulipa mwongozaji ili atembee siku tatu au nne kutoka Lushoto hadi Mtae, akilala Rangwi au Lukozi, na hurudi kwao akisema kwamba mapafu yake yamezaliwa upya. Mwenyeji, ambaye babu zake ndio waliozichonga njia hizo kwa nyayo, huambiwa na mwanawe apande pikipiki asije akaonekana maskini.

Miji mingi duniani leo hutumia fedha nyingi kununua ardhi, kuvunja zege na kupanda miti ili wakazi wapate njia ya kijani ya kutembea na kuendesha baiskeli mbali na magari. Lushoto haina haja ya kuvunja kitu. Inahitaji kuacha kupoteza ilichorithi.

Urithi wenyewe ni wa kale kuliko lami, na hata kuliko mji. Vuga ilikuwa makao ya watawala Wakilindi, na amri na kodi zilifika huko kwa miguu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipokwenda kumwona Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, alipanda kwa njia ambazo Wasambaa walikuwa wakizitumia kila siku kwenda mashambani, kwenye magulio na kwa jamaa zao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Wajerumani wakauita mji wa juu Wilhelmstal. Jina hilo limekwisha kusahauliwa, ila njia bado zinakwenda kule kule.

Kwa wataalamu wa afya, wilaya ya Lushoto ilijulikana kwa muda mrefu kwa sababu ya tauni. Tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa zaidi ya 7,000 waliripotiwa humo, idadi iliyoufanya ukanda huo wa milima ujulikane katika vitabu vya magonjwa ya mlipuko duniani. Ugonjwa ule uliingia kwa kishindo. Watu waliuogopa na serikali iliusikia. Magonjwa ya sasa huingia kimya kimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kiwango cha sukari kilichozidi. Nambari hizo ni za nchi nzima, mijini na vijijini, wala hakuna sababu ya kuamini kwamba baridi ya Usambara inamkinga mtu aliyeacha kutembea.

Ushahidi wa faida ya mwendo si mpya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kutwa kwenye usukani walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Mshahara na mazingira yao havikutofautiana sana. Tofauti kubwa ilikuwa ngazi. Mwenye kuisoma habari hiyo akiwa Lushoto hawezi kukosa kutabasamu, kwa kuwa huko kila safari ya dukani ni ngazi.

Upo uchunguzi mwingine ulio karibu zaidi na hali ya milimani. Huko Austria, watafiti waliwachukua watu wenye afya njema ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, wakawapandisha mlima kwa miguu kwa miezi miwili na kuwashusha kwa gari la kamba; kwa miezi mingine miwili wakafanya kinyume chake. Kupanda kuliusaidia mwili kuyaondoa mafuta katika damu. Kushuka, ambako wengi hukuhesabu kuwa mapumziko, kuliusaidia mwili kuitumia sukari vizuri zaidi. Msuli unaojizuia usiporomoke hufanya kazi ya namna yake, tena bila kumchosha moyo kwa kiasi kile cha kupanda. Ni kweli kwamba mteremko huyaonea magoti ya wazee, na kwamba mgonjwa wa moyo hapaswi kuanzia kwenye kilima kikali bila kupimwa. Lakini daktari wa milimani anayo dawa ya aina mbili mlangoni pake, na kwa kawaida huandika neno moja tu: “mazoezi”.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Safari moja ya kwenda Irente na kurudi, kwa hatua za mtu asiye na haraka, inakaribia kiwango cha chini cha wiki nzima.

Hapa ndipo sauti ya upinzani inaposikika, na ni sauti yenye haki. Nani awaambie wanawake wa Usambara watembee? Wao hawajawahi kuacha. Wanapanda na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, wanashuka na tenga la mboga, wanapanda tena na ndoo ya maji. Yapo maeneo ambako mjamzito aliyepatwa na uchungu usiku alibebwa kwa machela na wanaume wanne, wakiteleza katika udongo mwekundu, hadi kwenye barabara ambayo gari linaweza kufika. Kwa familia iliyompoteza mzazi katika safari ya namna hiyo, kusifia njia za miguu ni dhihaka. Bodaboda, pamoja na ajali zake zote, imewafikisha wajawazito wengi hospitalini wakiwa hai.

Anayeutukuza mguu bila kuutazama mzigo ulio kichwani hajaifahamu Usambara. Kwa hiyo hoja ya njia za miguu isigeuzwe kuwa hoja dhidi ya barabara. Kuni, maji, mazao na wagonjwa vipate magurudumu. Hilo ni deni ambalo maendeleo bado hayajalilipa. Kinachodaiwa ni kwamba mzigo ukishaondolewa kichwani, njia yenyewe isiondolewe pia. Mama aliyepelekewa maji ya bomba karibu na nyumba yake amepata nafuu kubwa. Akiishia kuketi kutwa nyuma ya meza ya duka kwa sababu njia ya zamani imekuwa korongo na lami imejaa pikipiki, nafuu yake imemletea hasara ambayo hakuiomba, nayo atakuja kuilipia kwa vidonge.

Na njia zinapotea kweli. Mara nyingi njia ya miguu haina mwenyewe. Barabara ina wakala wa kuisimamia, msitu una walinzi, shamba lina mkulima. Njia ina watumiaji tu. Mkulima aliyebanwa na uhaba wa ardhi, na Usambara ardhi ni haba hasa, hulima hatua moja mwaka huu na hatua nyingine mwakani, mpaka watu wanapita kwenye matuta ya viazi na ugomvi unaanza. Mjini hujengwa nyumba, kisha ukuta, na kinjia kilichowafikisha watoto shuleni kwa dakika kumi huwalazimisha kuzunguka kwa barabara kuu kwa nusu saa. Pengine njia hujiua yenyewe: ile iliyonyooka moja kwa moja kutoka kileleni mpaka bondeni huwa mfereji wa mvua za masika, na baada ya miaka michache hubaki bonde jekundu ambalo hata mbuzi hulikwepa.

Sheria haikosi nafasi ya kulitibu jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na mipango ya matumizi ya ardhi hubainisha makazi, malisho, mashamba na misitu. Mstari wa njia ya miguu, wenye upana uliokubaliwa, ungeweza kuchorwa katika ramani hiyo hiyo. Ila mstari usichorwe ofisini peke yake. Usambara inayo kumbukumbu chungu ya mpango wa hifadhi ya udongo uliolazimishwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta kwa amri na kwa tishio la faini. Walipinga, na kabla ya mwaka 1960 mpango ulikuwa umekufa. Hifadhi ya udongo ilikuwa jambo jema. Jinsi ilivyoletwa ndiko kulikoiua, na mtaalamu wa afya anayekuja na ramani yake nzuri ya njia za mazoezi angefanya vyema kuanza kwa kusikiliza ni nani atakayepoteza nusu hatua ya shamba, na atafidiwa nini.

Mfano ulio karibu unapatikana Nairobi. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000 ndani ya jiji, ulikaribia kugawiwa wajenzi wa majumba; mnamo Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti kuupinga ugawaji huo. Hata baada ya kuokolewa, msitu ule uliogopwa kwa sababu ya wahalifu. Leo una njia nyingi za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, na familia nzima huonekana humo mwisho wa wiki. Wingi wa nyayo umekuwa ulinzi. Mwizi wa miti na mnyang'anyi hupenda mahali pasipo na watu.

Magamba ingeweza kufuata mkondo huo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ina zaidi ya hekta 9,000, nayo imo jirani na mji. Kuingia humo kwa matembezi kuna kiingilio, na kiingilio kinaeleweka: msitu unahitaji walinzi, na walinzi wanahitaji mishahara. Lakini kiasi ambacho mtalii hatakikumbuka jioni kinaweza kumrudisha nyumbani mstaafu anayehesabu nauli ya kwenda kliniki. Wasimamizi wa msitu na hospitali wangeweza kukubaliana kwamba mkazi mwenye kadi ya kliniki ya shinikizo la damu au kisukari aingie bure katika njia fulani, siku fulani. New Zealand ina mpango uitwao Green Prescription tangu mwaka 1998, ambapo mhudumu wa afya humwandikia mgonjwa mazoezi kama anavyomwandikia dawa, na kuna mtu wa kumfuatilia. Lushoto ingekuwa na ziada ambayo nchi nyingi hazina: msitu mkongwe unaofikika bila kupanda ndege.

Kuhusu baiskeli, afadhali kusema ukweli mapema. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia haifai kwa mtu wa makamo katika miinuko hiyo, na vijana wanaoshuka kwa kasi katika vinjia vyembamba huwatia hofu wazee. Panapowezekana, kwenye migongo mipana, watengewe njia yao. Kwingine mwenye miguu atangulie.

Kazi yenyewe ianze kwa udogo, kwa njia moja tu, na ile ya Yoghoi inafaa kwa kuwa huanzia mjini na mwinuko wake unaweza kugawanywa katika vipande. Mafundi wa kijiji wanajua kupanga mawe ya ngazi na kuchepusha maji ya mvua kwenda kwenye migomba. Viti vya magogo viwekwe kila baada ya dakika kumi za kupanda, kwa sababu mgonjwa asiyejua atapumzika wapi hatatoka nyumbani. Muuguzi wa kliniki aipite njia hiyo mwenyewe akiwa na saa, aandike muda wa kila kipande, ili kadi ya mgonjwa ianze kusomeka: “Hadi kiti cha pili na kurudi, mara tatu kwa wiki, mwezi ujao, hadi kiti cha nne.” Masika huanza Machi. Mawe yawe yamepangwa kabla ya hapo, kwa maana udongo wa Usambara ukishalowa hauwasubiri wazee.