Bahari haikuwa mbali, ngazi ndizo zilizokuwa nyingi

Mwaka juzi familia moja ya Kata ya Elerai, jijini Arusha, ilikwenda pwani kwenye harusi. Watoto wawili walikwenda. Kaka yao mkubwa, aliyekuwa na miaka saba, alibaki kwa bibi yake kwa sababu anatumia kiti cha magurudumu na wazazi hawakujua watampandishaje basi. Waliporudi, mdogo wake alimletea kombe la baharini. Alilishika, kisha akauliza: "Na mimi nitapelekwa lini?"

"Nilimwambia tutaona," anasema mama yake, aliyeomba jina lisitajwe ili kulinda faragha ya mtoto. "Lakini yeye alishajua kwamba kwetu 'tutaona' maana yake ni hapana."

Juni mwaka jana, shule zilipofungwa na joto la pwani likiwa limepungua, walimpeleka Bagamoyo. Waliwahi kufikiria Mji Mkongwe wa Zanzibar, lakini kuna kupanda na kushuka boti, na vichochoro vyake ni vyembamba. Bagamoyo ni mji wa historia pia, na basi linafika.

Safari ya siku nzima

Mtoto huyo alizaliwa na mgongo wazi, hali inayotokea pale uti wa mgongo unaposhindwa kufunga vizuri katika wiki za mwanzo za ujauzito. Miguu yake haina nguvu wala hisia, na mkojo hutolewa kwa mpira kila baada ya saa tatu hadi nne.

Kutoka Arusha njia hupita Moshi, Same, Korogwe na Segera hadi Msata, ndipo inakata kushoto kwenda Bagamoyo. Baba alikwenda stendi siku moja kabla, akazungumza na konda na dereva. Walipewa viti vya mbele, kiti cha magurudumu kikaingia kwenye buti, na wakakubaliana mahali pa kusimama. Mama alibeba khanga mbili za kumsitiri mtoto, sabuni, maji safi na mipira ya akiba.

Kuna makosa mawili ambayo wazazi hufanya kwenye safari ndefu. La kwanza ni kumnyima mtoto maji ili asipate mkojo. Hilo humkausha mwili na kumweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. La pili ni kumwacha amekaa vilevile kwa saa nyingi. Mtoto asiye na hisia hasikii maumivu ya kukandamizwa, na kidonda huanza bila yeye kujua. Familia hii ilihamishia mto wa kiti cha magurudumu kwenye kiti cha basi, na kila nusu saa mtoto alijiinua kwa mikono au akainuliwa kidogo. Usiku mama alimkagua makalio na visigino. Ngozi yenye wekundu, au iliyobadilika rangi na isiyorudi hali yake, haipaswi kukaliwa tena hadi ipone.

Watoto wengi wenye mgongo wazi wamewekewa pia mrija wa kutoa maji kichwani. Kwa hao, kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia kupita kawaida kusichukuliwe kuwa ni kichefuchefu cha basi. Inaweza kuwa mrija umeziba, na mtoto anatakiwa kufikishwa hospitali haraka.

"Hamna shida"

Mama alikuwa amepiga simu kwenye nyumba ya wageni akauliza kama wanapokea mgeni wa kiti cha magurudumu. Akajibiwa: "Hamna shida, mama, karibuni."

Walipofika usiku walikuta ngazi tatu mlangoni. Kiti kina upana wa sentimita 58, mlango wa bafu ulikuwa na 55. Mhudumu, kwa moyo mwema kabisa, akasema: "Tutambeba tu."

Mtoto alimvuta mama yake mkono, akanong'ona: "Mama, wasinibebe kwenda chooni."

Ana miaka tisa. Nyumbani kwao Elerai anaingia bafuni mwenyewe, kwa sababu fundi alipanua mlango na kusawazisha sakafu. Kubebwa na mtu asiyemjua, tena mbele ya wageni wengine, kwake kungekuwa kurudishwa utotoni. Usiku ule baba alimwogeshea chumbani kwa beseni, mlango umefungwa. Asubuhi alitoka na futi mfukoni, akapima milango ya nyumba nyingine hadi akapata yenye vyumba vya chini, uwanja wa saruji na bafu linalopitika.

Somo ni kwamba "hamna shida" halijibu swali. Mzazi aulize vipimo: ngazi ni ngapi, mlango wa chumba na wa bafu una sentimita ngapi, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Aombe picha kwa simu. Mlango unaofaa una uwazi wa angalau sentimita 80. Mteremko mzuri huhitaji angalau sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinataka mteremko wa zaidi ya mita tano, hivyo ubao mfupi uliolazwa juu yake si msaada, ni hatari.

Mjini na ufukweni

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Pale misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, mtoto alizunguka viwanja vipana, akauona mbuyu mkubwa, na akasimuliwa jinsi Chuma, Susi na wenzao walivyoubeba mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874. Ngome Kongwe aliiona ya chini tu, kwa kuwa ghorofa hupandwa kwa ngazi. Kwenye magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ardhi si sawa, hivyo baba alisukuma taratibu na mahali pengine wakatazama kwa mbali.

Ufukweni magurudumu yalizama kwenye mchanga mkavu. Mama mmoja muuza samaki aliwaambia: "Subirini maji yatoke." Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na kiti hupita. Kwenye mchanga laini, kiti huvutwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali zaidi, na hurudi kwa nguvu, hivyo ni vizuri kuwauliza wavuvi saa za kujaa na kupwa.

Mtoto alivalishwa soksi nene na viatu, kwa kuwa mguu usio na hisia hauijui kombe inayokata wala mchanga unaounguza. Alikaa kwenye maji ya kina kifupi, baba akiwa amemshika. Boya halichukui nafasi ya mkono wa mtu mzima. Jioni kiti kilioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikafutwa na kutiwa mafuta kwenye beringi, maana chumvi hula chuma.

Kwa familia za Arusha kuna jambo la ziada. Jiji liko juu na malaria si nyingi, hivyo watoto wake hawana kinga waliyonayo wengi wa pwani. Chandarua chenye dawa ni mzigo wa lazima. Homa ikitokea safarini au wiki kadhaa baada ya kurudi, mtoto apimwe malaria mara moja, na daktari aambiwe alikuwa pwani. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi, mkojo nao upimwe.

Si hisani

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 30 kinataja burudani, mapumziko na utalii. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Majengo ya kale yanalindwa, hayapaswi kubomolewa ovyo, lakini mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa hauharibu ukuta wa mtu. Na kwa mwenye nyumba ya wageni, kupanua mlango mmoja wa bafu ni kazi ya fundi ya siku chache.

Familia hiyo inapanga kurudi Desemba. Safari hii mtoto mwenyewe ndiye aliyeshika simu kuuliza chumba. Alipojibiwa "hamna shida", alisema: "Asante, kaka. Mlango wa bafu una sentimita ngapi?"