Kabla Hamjaniomba Programu

Wadogo zangu wa Dar, Moshi na Mwanza,

Ujumbe wenu nimeupata: mnataka tushirikiane kuleta nyumbani programu ya wagonjwa wa saratani kama ile ninayoisimamia huku Boston. Sikatai. Ila kwanza mjue kazi yenyewe, maana shangazi bado anawatangazia watu kwamba mimi ni daktari, na baba mdogo anaamini nauza dawa.

Sitibu mtu, wala siandiki hata mstari mmoja wa programu. Naamua ifanye nini, ianze na lipi, na isifanye lipi. Hilo la mwisho ndilo lenye ugomvi. Programu yetu humuuliza mgonjwa aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani, akiwa kwake, anaendeleaje: kichefuchefu, kuharisha, vidonda mdomoni, ganzi ya vidole, homa. Anajibu kwa simu, na kila dalili ina daraja, kuanzia hakuna kabisa hadi kali mno. Ikivuka kiwango, muuguzi anapata taarifa.

Wazo hili lilishapimwa. Daktari Ethan Basch na wenzake walilijaribu katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa. Matokeo yalitoka 2017: katika kundi lililoripoti dalili kwa kompyuta, nusu waliishi zaidi ya miezi 31, na katika kundi lililohudumiwa kwa kawaida, zaidi ya 26. Miezi mitano, bila dawa mpya hata moja! Wengi wakisimulia huishia hapo. Wanaruka kipande ambacho kwangu ndicho kazi yote: dalili ilipozidi, ujumbe ulimfikia muuguzi anayemhudumia mgonjwa huyo, naye mara nyingi alichukua hatua.

Kaeni na muuguzi wa programu yetu saa mbili asubuhi, kabla hajavua koti. Skrini yake imejaa majina. Huyu kichefuchefu siku ya tatu, yule ganzi, mwingine amebonyeza kwa bahati mbaya. Tulibishana sana kama kichefuchefu cha wastani kipige kengele. Madaktari walitaka kila kitu kilie. Wauguzi wakasema, kila kitu kikilia tutazima sauti. Nilisimama na wauguzi, na bado nasimama nao. Kwa homa hatukubishana. Nyuzi 38, hata iwe saa nane usiku, mgonjwa anaambiwa apige simu papo hapo, kwa sababu kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi ambayo mtu mwenye afya angeyashinda kwa siku mbili yanaweza kumuua.

Sasa niambieni, nyumbani homa ni nini? Malaria. Mama katoka kutundikiwa dripu ya kemo hospitali ya saratani ya Ocean Road, amefikia kwa mpwa wake Mbagala, usiku mwili unawaka. Mjukuu anatumwa duka la dawa, anarudi na mseto na panadoli. Panadoli inashusha joto, watu wanalala wakishukuru, kumbe maambukizi yanaendelea kimyakimya. Simlaumu yeyote, malaria ipo na lazima ipimwe. Lakini maelekezo yetu ya huku, hata yakitafsiriwa vizuri namna gani, hayamjibu huyo mjukuu. Yenu yaseme wazi: nenda hospitali usiku huuhuu, upimwe malaria hukohuko, na kabla ya yote waambie uko kwenye dawa za saratani.

Simu nazo. Najua mtaniambia kitochi kinatosha, nyota na reli kama tunavyotuma pesa. Kweli kinatosha. Ila simu ni ya nani? Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na swali la kwanza muuguzi atakalotaka kuuliza ni kama kuna damu inayotoka. Swali hilo litaingia kwenye simu ya kijana wa bodaboda, mwanawe, akiwa kijiweni na wenzake. Mama atajibu nini?

Kwa hiyo msinitumie michoro ya skrini kwanza. Anayemfahamu sista wa wodi ya saratani katika hospitali ya Ocean Road, KCMC au Bugando amwombe ruhusa akae naye zamu moja, bila kompyuta. Amuulize sista huyo: mgonjwa aliyerudi Sumbawanga, akizidiwa usiku, huwa anampigia nani, kwa namba ipi, na vocha analipa nani. Kama ni namba ya sista mwenyewe, na kwa wengi nadhani ndivyo ilivyo, muulizeni anapokea simu ngapi akiwa nyumbani kwake, na angetaka zipi zimfikie.

Majibu nitumieni hata kwa sauti ya WhatsApp. Bajeti ya kwanza nitakayoipigania kwa wafadhili ni ya mshahara wa mtu wa kupokea simu usiku.

Wasalaam,
Kaka yenu, Boston