Ufunguo Umo Ndani: Leseni ya Kompyuta na Wajibu wa Wanakiswahili

Kipevu ni lango. Shehena nyingi ziingiazo Afrika Mashariki kupitia Mombasa hushushwa upande huu wa Changamwe, hasa baada ya kituo cha pili cha makontena kuanza kazi mwaka 2016. Ndani ya makontena hayo, pamoja na magari, nguo na vyombo vya nyumbani, huwamo kompyuta za mapajani zilizokwisha kutumika katika afisi za ughaibuni. Hupita kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa mwenye duka, na hatimaye huishia mikononi mwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hana uwezo wa kununua mpya.

Yanayofuata yanajulikana na kila mwanafunzi. Kompyuta huanza kusuasua, au hujaa virusi, naye humpelekea fundi "aifomati". Fundi hutoa flashi yake, huweka Windows iliyokwisha kuvunjwa kufuli, hupokea ujira wake na kazi huwa imekwisha. Baada ya miezi kadhaa, maandishi hutokea pembeni mwa kioo yakidai kuwa Windows haijaamilishwa. Mwanafunzi hurudi kwa fundi, hulipa tena. Ni dhahiri kuwa malipo hayo, aghalabu, ni sawa na mtu kununua maji ya kisima chake mwenyewe. Leseni anayouziwa kwa mlango wa nyuma alikuwa nayo tangu siku aliponunua kompyuta.

Jambo hili linahitaji kufafanuliwa. Katika enzi ya Windows XP, Vista na Windows 7, ufunguo wa leseni ulibandikwa chini ya kompyuta kwa karatasi ndogo ambayo, kwa kusuguliwa na magoti ya watu, ilifutika. Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, watengenezaji wa kompyuta walianza kuuandika ufunguo huo ndani ya ubao mama wenyewe. Hauonekani kwa macho wala haufutiki diski inapofutwa. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliongeza leseni ya kidijitali: kompyuta ikishaamilishwa kihalali mara moja, seva za Microsoft huitambua kwa vifaa vyake, na mfumo uleule ukisakinishwa upya huamilika wenyewe pindi kompyuta inapoingia kwenye intaneti.

Mbona basi mafundi hushindwa? Jibu limo katika neno moja: toleo. Kompyuta iliyoletwa na toleo la Home ina leseni ya Home tu. Fundi akiweka Pro, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika flashi yake au kwa kuwa mteja anaamini Pro ni bora, leseni iliyomo ndani haitambuliwi. Hapo ndipo fundi huchukua programu ya kuvunja kufuli. Baadhi ya programu hizo huighilibu Windows ijione kuwa ni mali ya shirika kubwa lenye seva yake ya leseni, na uamilishaji wa namna hiyo sharti uhuishwe kabla ya siku 180 kupita. Mteja hurudi si kwa sababu kompyuta imeharibika, bali kwa sababu muda umekwisha. Fauka ya hayo, programu hizo humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Yaani mwenye nyumba aombwe amfunge mbwa wake ili mgeni asiyemjua aingie usiku, katika chumba alimohifadhi tasnifu yake.

Haifai kumtwika fundi lawama zote. Alijifunza kazi kwa kutazama, na kupakua nakala halali ya gigabaiti kadhaa ni gharama kwake. Pia zipo kompyuta ambazo leseni yake imepotea kweli, kama ile iliyobadilishwa ubao mama. Lakini wanaosoma fasihi hawana udhuru huo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi. Mhadhiri anayelalamika kuwa riwaya yake inatolewa fotokopi, ilhali aliiandika kwa programu iliyovunjwa kufuli, ana mashaka ya kujieleza.

Linalosikitisha zaidi ni la lugha. Wanakiswahili walitumia miaka mingi kubishana iwapo chombo hiki ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Wakati huohuo kazi ya maana ilifanyika: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Istilahi zikapatikana: sakinisha, amilisha, pakua, faili. Maneno yapo. Kilichokosekana ni maelezo yaliyoandikwa kwa maneno hayo, ambayo mtu wa Kipevu angeyasoma na kuyatenda.

Na maelezo yenyewe si marefu. Hifadhi kwanza faili zako nje ya kompyuta. Fungua mipangilio, tazama sehemu ya uamilishaji, uandike ni toleo gani na kama leseni ni ya kidijitali. Ukikuta toleo la shirika, huenda ni la mwajiri wa zamani, na leseni ya asili ingali imelala ndani ya ubao. Pakua nakala kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uitie katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, futa sehemu zote za diski, usakinishe. Ukiulizwa ufunguo, jibu kuwa huna. Ukiulizwa toleo, chagua lile uliloandika. Kisha unganisha intaneti. Aya hii moja ingetafsiriwa kwa Kimvita, ikabandikwa ukutani mwa duka la fundi, ingefaa watu kuliko warsha nyingi za istilahi.

Liko jambo jingine linaloharakisha haja hiyo. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakataji ambacho, kwa upande wa Intel, ni cha kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa vichache. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika hazifikii kiwango hicho, ijapokuwa leseni yake ni halali. Kwa hizo, Linux ingalipo: haidai ufunguo, wala haina siku 180. Tafsiri yake ya Kiswahili ndiyo iliyobaki nusunusu, ikingoja wenye lugha.