Mnunuzi Anapodai Arudishiwe Fedha: Haki, Hila na Wajibu Wetu

  

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Karagwe na Kyerwa hatukuanza jana kumjua mnunuzi dhalimu. Wazee wetu walimjua kupitia butura. Mtu alikuja shambani mbuni ukiwa bado na maua, akamkuta mkulima ana mgonjwa ndani au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akampa fedha kidogo, kisha msimu ulipofika akabeba kahawa yote. Serikali iliipiga marufuku biashara hiyo. Sharia nayo ilikwishatangulia, kwani Mtume (s.a.w) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa kwake. Hata hivyo hakuufunga mlango wa kulipana mapema. Aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla, akawawekea sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Sharia haikuogopa umbali wala kuchelewa. Ilichokizuia ni giza baina ya wawili wanaouziana.

Leo dhulma imehama kutoka shambani na kuingia katika simu. Kijana wa Nkwenda anapiga picha maharage yake na kuyaweka WhatsApp, na mteja aliyeko Dar es Salaam anatuma fedha kwa simu kabla jua halijatua. Hii ni neema. Lakini pamoja na neema hiyo umezuka ugonjwa ambao misikitini kwetu hatuuzungumzi vya kutosha: mnunuzi anapokea mali, anaila au anaiuza, kisha anadai arudishiwe fedha. Khutba nyingi humwonya muuzaji juu ya mizani. Ni chache zinazomkumbusha mnunuzi kwamba naye ataulizwa.

KOSA LANGU

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba naandika nikiwa nimekaa salama.

Mwaka jana, msimu wa senene, mama mmoja mjane ambaye watoto wake wawili wanasoma katika madrasa yetu aliuza senene waliokaangwa pamoja na maharage kwa mtu wa Dar es Salaam. Thamani ilikuwa shilingi 180,000. Mnunuzi alilipa, mzigo ukapelekwa kwa basi, naye akaupokea katika kituo cha Magufuli, Mbezi. Siku ya tatu akapiga simu. Alisema senene wote walikuwa wameoza na maharage yalikuwa na wadudu, akataka fedha yake yote. Mama alipomwomba arudishe mzigo, alijibiwa kwamba umekwishatupwa. Alipoomba picha, ilikuja picha ya senene walio katika ndoo ya bluu, ilhali yeye alikuwa amefunga mzigo wake katika mifuko. Kisha vikafuata vitisho: jina lake lingetangazwa katika makundi yote ya wafanyabiashara.

Mama alinijia na simu mkononi. Nikazungumza na yule mtu. Alinisalimu kwa salamu kamili, akaniita "sheikh wangu", akaapa kwa jina la Allah mara tatu kwamba anasema kweli. Moyo wangu ukalainika. Nikaikumbuka hadithi iliyopokelewa na Abu Daud na Ibn Majah, inayobashiri kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kuvunja mauziano, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Nikamwambia mama: "Mrudishie, utalipwa na Mola wako." Akatuma shilingi 180,000 kutoka katika fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto. Wiki mbili baadaye tulisikia kwamba sauti ile ile, kwa viapo vile vile, ilikuwa imemfanyia hivyo muuza asali wa Kyerwa.

Jioni ya siku niliyotoa jibu lile niliingia darasani na kuwafundisha vijana kanuni maarufu ya hukumu: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Niliiandika ubaoni kwa Kiarabu na kuifasiri. Asubuhi yake nilikuwa nimeipindua. Mwenye kudai alikuwa mnunuzi, na nilikubali kiapo chake mahali pa ushahidi. Mama aliyekuwa akikana sikumwomba hata neno moja. Kisa cha Nabii Daud (a.s) na wagomvi wawili, kilichomo katika Surat Swad, kinatosha kuwa onyo kwa yeyote anayehukumu kabla ya kusikia upande wa pili.

KURUDISHA NI HAKI, SI HILA

Tusije tukatoka kosa moja tukaingia jingine. Baada ya tukio lile, wauzaji kadhaa walianza kuandika chini ya picha zao: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kauli hii haimsafishi mtu mbele ya Allah. Mwenye kuficha aibu ya bidhaa yake hatakaswi na tangazo. Sharia imempa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuchagua kuendelea na mauziano au kuyavunja, pale anapokuta aibu iliyokuwapo kabla hajapokea, au anapokuta kitu si kile alichoelezwa. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) ameifungamanisha baraka ya mauziano na ukweli na ubainifu wa pande zote mbili, na akaeleza kuwa uongo na ufichaji huifuta baraka hiyo.

Wala asiseme mtu kwamba mauziano ya simu si mauziano. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi Machi 1990, lilipitisha azimio namba 52 linalokubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, isipokuwa mambo machache yenye masharti ya pekee kama ndoa. Kwa hiyo anayeuza kwa simu amefunga mkataba kamili, na anayenunua kwa simu naye amefungwa.

Basi haki ya kurudisha inaishia wapi na hila inaanzia wapi? Jibu bora nililolipata limo katika hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike. Mtume (s.a.w) alimpa mnunuzi huyo hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tazama uadilifu huu, ndugu msomaji. Muuzaji ndiye aliyedanganya, na bado mnunuzi anayerudisha anatakiwa amrudishe mnyama mwenyewe, na kulipa badala ya maziwa aliyoyakamua. Ikiwa aliyedanganywa waziwazi harudishiwi fedha huku akibaki na mali na manufaa yake, itakuwaje kwa yule ambaye hakudanganywa na yeyote?

Ama wakihitilafiana kama aibu ilitokea kabla ya kupokea au baadaye, basi katika madhehebu ya Imam Shafii, yaliyozoeleka kwetu, kauli inayotangulizwa ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake, maadamu mnunuzi hana ushahidi. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama.

Na ile hadithi ya kukubali kuvunja mauziano? Ni ya kweli na thawabu yake ni kubwa. Lakini huo ni ihsani, na ihsani hutoka kwa mwenye mali kwa ridhaa yake. Haitolewi na mwalimu kutoka katika mfuko wa mjane, wala hailazimishwi kwa vitisho vya kuchafuliwa jina.

HILA YA KUREJESHA MUAMALA

Hila nyingine inahusu fedha yenyewe. Kampuni za simu zimeweka njia ya kuomba urejeshwe muamala uliokosewa. Ni rehema kwa aliyekosea tarakimu moja. Mhaini huitumia kwa namna nyingine: analipa, anasubiri mzigo uondoke, kisha anadai kwa kampuni kwamba alituma kwa makosa. Wengine hawalipi kabisa. Hutuma ujumbe uliotengenezwa ufanane na ule wa malipo, kisha hupiga simu wakidai wamezidisha na kuomba "chenji". Huu ni wizi, hata ukiitwa ujanja wa mjini. Katika sheria za nchi, udanganyifu wa aina hii umo katika makosa ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

TUFANYE NINI?

Aya ya deni, Suratul-Baqarah 282, imetuamrisha kuandika na kushuhudisha. Kwa mwongozo huo nawausia wauzaji wetu mambo haya:

Kwanza, andika sifa za bidhaa kabla ya kupokea fedha: uzito, bei, siku iliyovunwa au kukaangwa, na kasoro yake kama ipo. Mwombe mnunuzi ajibu kwa maandishi kwamba ameridhika.

Pili, kubalianeni nani atabeba hasara mzigo ukiharibika njiani. Piga picha mzigo ukiwa juu ya mizani na unapofungwa, na utunze risiti ya wakala wa basi. Wakala huyo ni shahidi wako.

Tatu, wekeni muda wa malalamiko. Kwa vitu vinavyoharibika upesi, mnunuzi afungue mzigo siku ile ile aliyoupokea huku akirekodi. Anayedai arudishiwe, mali irudi kwanza, ndipo fedha ifuate. Ikiwa ni sehemu tu iliyoharibika, irudishwe thamani ya sehemu hiyo.

Nne, usiamini ujumbe, tazama salio. Ukirudisha fedha, irudishe kwa namba ile ile iliyotuma. Muamala ukizuiwa au ukiondolewa, piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo ukiwa na vielelezo vyako, na suala likiwa zito nenda polisi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tano, jihadhari na ulimi. Kumtahadharisha ndugu yako na mhaini uliyemthibitisha ni nasaha. Kusambaza picha ya mtu na kumwita mwizi kwa dhana ni dhulma kama ile unayoilalamikia.

KWA MNUNUZI

Na wewe unayenunua, rejea mwanzo wa Suratul-Mutaffifin. Wanaoonywa pale ni wale ambao wakipokea kutoka kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wao hupunguza. Wengi tunaisoma tukimfikiria mwenye duka. Mwenye kupokea kilo kamili kisha akairudisha nyuma fedha ya mwenziwe, yumo humo humo.

Imepokelewa kwamba mtumishi wa Swahaba Jarir bin Abdillah (r.a) alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia muuzaji kuwa thamani yake ni zaidi ya hapo, akaendelea kumwongezea mpaka akamlipa 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (s.a.w) ahadi ya kumtakia kila Muislamu mema. Hatusemi kila mnunuzi afanye kama Jarir. Tunasema alipe alichokubali kulipa, na akidai, adai kwa ukweli.

Mwisho, napendekeza kila msikiti katika wilaya zetu mbili uteue watu wawili au watatu waaminifu wanaoijua biashara na simu, wasikilize pande zote za migogoro hii kabla haijawa uadui. Mwalimu asiachiwe peke yake asubuhi na simu ya mtu anayelia, kwani naye ni binadamu.

Ile shilingi 180,000 nimekuwa nikimlipa yule mama kidogo kidogo kutoka katika posho yangu. Alikataa mara mbili. Nikamwambia kwamba hii si sadaka, ni deni la mtu aliyehukumu kwa kusikia upande mmoja. Zimebaki shilingi 60,000, na watoto wake wanaendelea na masomo.

Tunamuomba Allah (s.w) azitakase chumo zetu, atuepushe kuila mali ya wenzetu kwa batili, na ampe kila aliyedhulumiwa badala iliyo bora. Wabillahi tawfiq.