Vijana wa Fairport na nyimbo za babu zao

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana ambaye kila jioni hujifungia chumbani na gitaa, nawe mzazi umeketi sebuleni ukijiuliza: huyu atakula nini kesho? Basi leo nakuomba tufunge safari hadi London, mtaa wa Muswell Hill, mwaka wa 1967. Huko nako walikuwako wazazi ambao, bila shaka, walijiuliza vivyo hivyo.

Mtaani humo palikuwa na nyumba kubwa iliyoitwa Fairport. Mwenyewe alikuwa daktari na humo ndimo alimotibia wagonjwa wake. Alipokwisha kufariki, mwanawe Simon Nicol aliacha shule mapema, akapata kazi ya kuonyesha picha katika jumba la sinema. Jioni alipiga gitaa humo nyumbani pamoja na Ashley Hutchings, mpiga gitaa la besi aliyekuwa amepanga chumba. Wakajiunga na rafiki yao Richard Thompson. Huyu alikuwa mwana wa mpelelezi wa polisi wa Scotland Yard, Mskoti aliyependa gitaa na kuwa nalo nyumbani. Richard alikuwa mwanagenzi katika karakana ya kutengeneza vioo vya rangi, vile unavyoviona katika madirisha ya makanisa. Hebu fikiri, kazi nzuri kama hiyo!

Bendi ikapewa jina la nyumba: Fairport Convention. Onyesho la kwanza lilifanywa tarehe 27 Mei 1967 katika ukumbi wa kanisa, Golders Green. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo kijana mmoja, Martin Lamble. Alimtazama mpiga ngoma, akamsikiliza, kisha akawaendea wenye bendi na kuwaambia kwamba yeye angepiga vizuri zaidi. Ujuba huo! Wakamjaribu, wakaona hakudanganya, wakamchukua.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Vijana hawa leo wanatajwa kila mahali kuwa walinzi wa nyimbo za jadi za Uingereza. Lakini wakati huo hawakuwa wakizipiga. Walikuwa watoto wa mjini, masikio yao yote yameelekea Marekani, wakiimba nyimbo za akina Bob Dylan na Joni Mitchell.

Aliyekuja na mbegu nyingine ni Sandy Denny, aliyejiunga nao mwaka wa 1968 akiwa na umri wa miaka 21. Bibi yake mzaa baba alikuwa Mskoti aliyeimba nyimbo za kwao. Sandy mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya London, akaiacha, akaingia chuo cha sanaa, na usiku akawa anaimba katika vilabu vya nyimbo za jadi. Siku moja akawafundisha wenzake wimbo wa kale wa mabaharia. Waliporekodi wimbo huo mapema mwaka wa 1969, walimwita mpiga fidla Dave Swarbrick aje awasaidie. Ukawa na urefu wa zaidi ya dakika 11, nao waliupiga mara moja tu, bila kurudia. Martin alikuwa kwenye ngoma.

Halafu msiba ukabisha hodi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1969, bendi ilikuwa ikirejea London kutoka Birmingham baada ya onyesho. Gari lao lilipata ajali katika barabara kuu ya M1. Martin Lamble akafa. Alikuwa na miaka 19. Akafa pia Jeannie Franklyn, Mmarekani mshonaji wa mitindo, aliyekuwa mpenzi wa Richard. Waliobaki walijeruhiwa. Sandy hakuwamo garini, alikuwa amesafiri na mwingine.

Walitaka kuvunja bendi. Ni nani angewalaumu? Walipoamua kuendelea, waliona kwamba hawawezi tena kuzipiga nyimbo zile walizozipiga na Martin. Kila wimbo ungekuwa na pengo lake. Ndipo walipogeukia nyimbo za wazee. Kwa maoni yangu, mtu akifiwa akiwa na umri wa miaka 20 hana maneno yake mwenyewe ya kulilia. Zile nyimbo za kale zimejaa maiti, mabaharia waliozama na wapenzi waliouawa. Walioziimba kwanza walikuwa wamekwisha kuyaona hayo.

Kiangazi hicho walihamia mashambani, katika nyumba ya Farley Chamberlayne karibu na Winchester. Ashley akawa akipekua maktaba ya Cecil Sharp House huko London. Jumba hilo lina jina la Cecil Sharp, mwalimu wa muziki ambaye tangu mwaka wa 1903 alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima kabla wenyewe hawajafa nazo. Swarbrick akajiunga kabisa. Na mahali pa Martin akaja Dave Mattacks, aliyekuwa mwanagenzi wa fundi wa kulinganisha sauti za piano, kisha mpiga ngoma katika bendi za kumbi za dansi. Nyimbo hizi zilikuwa ngeni kwake. Naye akazipiga kwa utulivu wa mtu anayeingia nyumba yenye matanga.

Santuri yao ya Liege & Lief ilitoka Desemba mwaka huo huo. Mwaka wa 2006 wasikilizaji wa Radio 2 ya BBC waliichagua kuwa santuri ya nyimbo za jadi iliyowaathiri wengine kuliko zote. Lakini ilipoingia madukani Sandy na Ashley walikuwa wamekwisha kuondoka katika bendi. Sandy alifariki mwaka wa 1978, ana miaka 31.

Ukibahatika kuiona santuri yao ya Unhalfbricking, ile ya mwisho aliyopiga Martin, litazame ganda lake. Mbele wamesimama wazee wawili nje ya ua wa nyumba yao huko Wimbledon, wamevaa kwa heshima kama watu wanaongoja mgeni. Ni baba na mama yake Sandy. Vijana wenyewe wanaonekana kwa mbali, ndani ya bustani, nyuma ya ua. Mimi huwatazama zaidi wale wazee.

Mwaka wa 1979 bendi ilipiga onyesho la kuagana katika kijiji cha Cropredy, Oxfordshire. Hawakuagana. Kuanzia hapo kukawa na tamasha huko karibu kila Agosti, na maelfu hukusanyika shambani. Wimbo wa kufungia ni mmoja, Meet on the Ledge, unaohusu kukutana tena na marafiki waliotangulia. Richard aliutunga mwaka wa 1968, Martin akaupigia ngoma.