Tumemwacha mtoto kizimbani peke yake

Hapa Chwaka siri haina pa kulala. Mvuvi akipandisha changu wawili jioni, kabla ya magharibi mtaa mzima umeshajua wametoka dema la nani. Lakini mtoto akibakwa, sote tunapofuka. Aliyeona alikuwa kainama anafunga mwani. Aliyesikia ukelele alidhani watoto wanacheza. Shangazi aliyezifua zile nguo, na ndani yake ushahidi wenyewe, eti hakumbuki.

Ugonjwa huu tunaujua kwa jina: muhali. "Yule mtoto wa ami yangu, naona muhali." "Wazee wameshakaa, tumeyamaliza." Mmeyamaliza na nani? Yule mtoto alikuwa chumba cha pili analia, hakuna aliyemwita kikaoni.

Halafu tunailaumu mahakama! Tangu 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Hakimu afanyeje? Hahukumu kwa minong'ono ya kisimani. Kesi inaitwa, shahidi hakufika. Inaahirishwa. Inaitwa tena, hakufika. Mwisho inaondolewa, na mtuhumiwa anashuka kwenye daladala akipokewa kwa vifijo, huku mtoto, juzuu kifuani, akibadilisha njia ya chuoni asikutane naye.

Na msijifiche nyuma ya dini. Suratul Baqara, aya ya 283, imekataza kuuficha ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jamaa wametajwa humo! Mlango huo wa muhali ulishafungwa zamani, sisi ndio tunaoubomoa kila siku.

Wapo wanaoogopa kwa sababu ya haki, na hao siwatukani. Mwanamke anayeishi nyumba ya shemeji akitoa ushahidi dhidi ya ndugu wa shemeji, usiku ule atalala wapi? Mkulima wa mwani anaacha kazi yake siku za bamvua, na bamvua haimsubiri hakimu, anajilipia nauli, anakaa benchi moja na jamaa za mshtakiwa wakimkodolea macho, kisha anaambiwa arudi mwezi ujao. Mara ngapi? Bara walitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, na ni ya Bara. Mashahidi wetu wa Unguja na Pemba nao wana roho. Serikali iwape ulinzi unaoonekana huku shamba, nauli mkononi siku hiyohiyo, na chumba cha kusubiria mbali na wanaowatisha. Kumwita mtu kwa hati ya mahakama kisha kumwacha arudi kijijini peke yake ni kumtupa.

Lakini nauli haikumzuia sheha kusema. Bamvua haikumzuia jirani wa ukuta mmoja. Na wewe uliyezifua zile nguo, ukazianika, ukazikunja, unakumbuka.