BIBI TITI AHESHIMIWE DAFTARINI KWANZA, UKUTANI BAADAYE



Kwenye mkutano mkuu ujao liko pendekezo kwamba ghala letu jipya la korosho na ufuta lipewe jina la Bibi Titi Mohamed. Sisi wa kamati ya gazeti hili la ukutani tunaliunga mkono. Lakini tunasema wazi: likiishia kwenye rangi na brashi tu, afadhali ghala likae bila jina.

Wapo wanaosema eti mama yule kwao ni Dar es Salaam, na huko amekwishapewa barabara kubwa, sasa sisi wa Rufiji tuna lipi? Kweli alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Lakini ubunge wake ulikuwa wa Rufiji hii hii, na ni sanduku la kura la Rufiji lililomwangusha mwaka 1965. Basi si mgeni kwetu, na deni letu kwake halilipwi na barabara ya mjini.

Tukumbushane alifanya nini. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, barazani walijaa wanaume. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Kazi ya kuwaleta akapewa Bibi Titi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza na waliosoma. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa akina mama wa kawaida, yeye na wenzake kina Tatu binti Mzee na Hadija binti Kamba, ambao vijana wengi wa leo hata hawawajui. Ilipofika Oktoba mwaka ule ule, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Hapo msomaji asimame kidogo. Wanawake wale hawakuandikwa "mke wa fulani". Kila mmoja alikuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe.

Sasa fungua daftari la chama chetu. Nani anapalilia mikorosho? Nani anaokota korosho, anapepeta ufuta, anabeba mzigo kichwani mpaka ghalani? Tunajuana. Na jina lililoandikwa ni la nani? La baba. Mnada ukishapita, fedha zinaingia kwenye akaunti ya mwenye jina. Mama anasikia tu kwa jirani kwamba malipo yametoka. Mume akifa, ndugu wa marehemu wanalishika shamba, na mjane aliyelilima miaka 20 hana hata stakabadhi moja ya kuonyesha. Huu ni unyonyaji, hata kama unafanyika ndani ya nyumba.

Hoja za vijiweni tumezisikia. Ya kwanza, ati nyumba moja haiwi na wanachama wawili. Mbona baba na mwanawe wa kiume wameandikwa wote wawili, na nyumba haijaanguka? Ya pili, ati ni mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Sheria hiyo hiyo inataka baraza la ardhi la kijiji lenye watu 7 liwe na wanawake wasiopungua 3. Tena kanuni ya kwanza ya ushirika ni uanachama wa hiari, ulio wazi, usiobagua mke wala mume. Ya tatu, ati mwanamke akishika fedha atapanda kichwa. Hii siyo hoja, ni woga tu.

Jina la ukutani ni kitu chepesi. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Miaka mingi jina lake halikusikika majukwaani. Baadaye likarudi kwa shangwe. Amefariki Novemba 2000. Ukuta hupakwa chokaa, na chokaa hufutika. Lakini aliyeandikwa daftarini anakuja dirishani kudai chake.

Kwa hiyo, kabla fundi wa rangi hajapanda ngazi, mkutano upitishe mambo matatu:

1. Kila mwanamke mkulima mwenye miaka 18 au zaidi aandikishwe kwa jina lake, na aruhusiwe kulipa kiingilio kidogo kidogo.

2. Mazao ya shamba linalolimwa na mke na mume yapokelewe kwa majina yao yote mawili.

3. Orodha ya wanachama ibandikwe hapa ukutani kila msimu, kila mtu aisome.

Akina mama, njooni mapema, kaeni mbele, semeni. Akina baba, asiyetaka jina la mkewe daftarini asije kupiga makofi siku ya kuzindua ghala la Bibi Titi.

Ushirika ni wa wote, au si ushirika.

Kamati ya Gazeti la Ukutani